Safari ya Matembezi Baharini: Mambo Yampasayo Abiria Kujua Kabla ya Kupanda Meli

Katika miezi ya kaskazi, watu wavukao kivuko cha Likoni mjini Mombasa huona mara kwa mara meli kubwa nyeupe ikiingia bandari ya Kilindini. Madirisha yake ni mengi kama ya jumba la ghorofa, na watu wamejipanga ubavuni mwake wakipiga picha. Meli hiyo haikuleta ngano wala chuma, wala haiwachukui watu wanaohamia nchi nyingine. Hukaa gatini siku moja au mbili, abiria wake huenda kutazama Fort Jesus au wanyama wa Tsavo, kisha hupiga honi na kwenda zake. Watu wengi huuliza: Hao ni watu gani, wanakwenda wapi, na je, mtu wa kwetu naye aweza kusafiri hivyo?

Jibu la swali la mwisho ni kwamba aweza, na wako wanaofanya hivyo. Baadhi yao ni watu waliojiwekea akiba yao wenyewe. Wengine ni wazee waliolipiwa na watoto wao wafanyao kazi ng'ambo. Lakini safari hii ina desturi zake, na mtu asiyezijua aweza kupoteza fedha zake, au kuachwa bandarini katika nchi ya kigeni, au hata kuhatarisha maisha yake. Makala haya yataeleza mambo yampasayo abiria kujua kabla hajapanda.

MELI YA MATEMBEZI NI NINI?

Wazee wa Mombasa wanazikumbuka meli za kampuni ya British India, kama vile Karanja na Kampala, zilizokuwa zikisafiri baina ya Afrika ya Mashariki na Bombay mpaka miaka ya 1970. Abiria wa meli hizo alikuwa na haja moja tu, nayo ni kufika. Alikwenda kufanya biashara, au kusoma, au kuwaona jamaa zake, na wale wasiokuwa na fedha nyingi walisafiri juu ya sitaha. Siku hizi abiria wa namna hiyo hupanda ndege.

Meli ya matembezi ni kitu kingine. Hapo kinachonunuliwa ni safari yenyewe. Meli hutembea usiku watu wamelala, na asubuhi abiria huamka wamefika mji mwingine. Hushuka, hutazama, hununua vitu vidogo vya ukumbusho, na jioni hurudi melini kula na kulala. Baada ya siku saba au kumi, mara nyingi meli huwarudisha bandari ile ile walikopandia.

Desturi hii ilipata nguvu mwaka 1891. Bwana Albert Ballin, mkubwa wa kampuni moja ya meli mjini Hamburg katika Ujerumani, aliona kwamba wakati wa baridi kali watu hawapendi kuvuka bahari ya Atlantiki, na meli zake hukaa bure. Basi mwezi wa Januari mwaka huo aliipeleka meli yake Augusta Victoria katika bahari ya Mediterania, ikiwa na abiria 241 waliotaka kutembea tu. Mwaka 1900 kampuni yake iliishusha majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyoundwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo na si kwa nyingine.

Tangu siku hizo meli zimekua kupita kiasi. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365, nayo yaweza kuchukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350. Hao ni karibu watu elfu kumi, ndani ya chombo kimoja. Ni mji mzima, wenye mikahawa, maduka, hospitali ndogo, na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa.

Msomaji na alishike neno hili, kwani ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Mji uelekeao baharini hauwezi kuongozwa ila kwa saa na kwa sheria. Abiria mmoja hawezi kuungojesha mji mzima. Kwa hiyo usalama na raha ya abiria hutegemea zaidi yale aliyoyatengeneza mapema, akiwa bado nchi kavu. Mambo makubwa ni manne: karatasi zake, fedha zake, saa yake, na zoezi la hatari.

Ili mambo haya yaeleweke vizuri, tuchukue mfano. Tuseme kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa Kakamega na mkewe wamelipiwa na watoto wao safari ya siku saba. Watapanda meli Barcelona katika Uhispania, wapitie Marseille ya Ufaransa, Genoa na Civitavecchia za Italia, kisha Palermo katika kisiwa cha Sisilia, na La Goulette, bandari ya mji wa Tunis, halafu warudi Barcelona.

KARATASI

Jambo la kwanza ni paspoti. Nchi nyingi hutaka paspoti iwe na muda wa miezi sita au zaidi kabla haijaisha. Mwalimu yafaa aifungue paspoti yake na kusoma tarehe mara tu safari inapotajwa, wala asingoje wiki ya mwisho.

La pili ni viza, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Uhispania, Ufaransa na Italia zimo katika mapatano ya Schengen, yaani viza moja humwezesha mtu kuingia katika nchi zote za mapatano hayo. Lakini Tunisia haimo. Meli ikitoka Palermo kwenda Tunis, abiria wote wanahesabiwa kwamba wametoka katika nchi za Schengen. Na meli ikirudi Barcelona, wanahesabiwa kwamba wanaingia tena. Ikiwa viza ya mwalimu ni ya kuingia mara moja tu, imekwisha kazi yake tangu siku alipoingia mara ya kwanza. Basi yampasa aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Tena inampasa aulize mapema sheria ya kila nchi ambayo meli itafika, hata kama yeye mwenyewe hana nia ya kushuka huko, maana wenye meli wanaweza kumkataza kupanda tangu mwanzo kwa kukosa karatasi ya bandari moja tu. Asidhani kwamba aliyemwuzia tikiti amekwisha kumfanyia kazi hiyo. Kwa desturi mkataba wa tikiti huandika waziwazi kwamba karatasi ni juu ya abiria mwenyewe.

La tatu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Baadhi ya nchi humtaka mtu atokaye Kenya awe nacho. Chanjo hiyo yapaswa kuchomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari ili cheti kikubaliwe. Tangu mwezi wa Julai mwaka 2016, cheti hicho kinafaa kwa maisha yote ya mwenye nacho, wala hahitaji kuchanjwa tena kila baada ya miaka kumi kama ilivyokuwa zamani.

La nne ni bima ya safari. Waombao viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Lakini hata pasipo sharti hilo ni jambo la busara, kama itakavyoonekana mbele.

Karatasi zote hizi, pamoja na dawa, zichukuliwe katika mkoba wa mkononi. Abiria afikapo bandarini humpa mchukuzi masanduku yake makubwa, na huenda asiyaone tena mpaka jioni, yatakapowekwa mlangoni mwa chumba chake. Mke wa mwalimu, tuseme, anameza dawa za shinikizo la damu kila adhuhuri. Akiziweka dawa hizo ndani ya sanduku, adhuhuri itampita mikono mitupu.

Tena yafaa wafike Barcelona siku moja kabla ya meli kuondoka. Atokaye Kenya hubadili ndege njiani, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili humwacha. Ndege nyingine yaweza kupatikana kesho yake. Lakini meli itakuwa imekwisha kwenda.

FEDHA

Watu wengi husikia kwamba katika meli kila kitu kimekwisha kulipwa. Maneno hayo ni kweli nusu. Kwa kawaida tikiti hulipia chumba, chakula cha mikahawa mikubwa, maji ya kawaida, chai na kahawa za kawaida, na michezo na nyimbo za jioni. Haimlipii mtu pombe, soda wala maji ya chupa, mikahawa ya pekee, kufuliwa nguo, picha anazopigwa na wapiga picha wa meli, wala matembezi ya nchi kavu. Ziko kampuni zinazochanganya baadhi ya vitu hivyo katika bei, kwa hiyo abiria asome mkataba wake mwenyewe, asitegemee habari za jirani aliyesafiri kwa meli nyingine.

Ndani ya meli fedha taslimu hazitumiwi sana. Abiria hupewa kadi siku ya kwanza. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba chake, ndiyo cheti chake cha kutoka na kuingia melini, na ndiyo daftari la deni lake. Kila anunuapo kitu, kadi hupitishwa katika mashine, na hapo hakuna noti inayoonekana kutoka mfukoni. Hiyo ndiyo hatari yake. Mtu aweza kusema "ndiyo" mara tano kwa siku, na siku ya mwisho akapewa hesabu ya kumtoa jasho. Dawa yake ni kwenda kuuliza hesabu kila siku ya pili au ya tatu, wakati kosa bado laweza kusahihishwa.

Liko pia bakshishi la watumishi. Katika meli nyingi bakshishi haliachiwi hiari ya abiria, bali huandikwa katika hesabu yake kila siku, mara nyingi dola 10 mpaka 20 kwa kila mtu. Tuseme ni dola 15. Mwalimu na mkewe, kwa siku saba, watadaiwa dola 210 ambazo hazikuandikwa katika bei ya tikiti. Si dhuluma, maana watumishi wengi wa vyumba na wa mezani hutegemea sana fedha hizo. Lakini ni lazima zihesabiwe kabla ya safari na si baada yake.

Jambo jingine lenye kuficha gharama ni simu. Meli ikiwa mbali na nchi, simu ya mkononi hushika mtambo wa meli unaopeleka sauti kwa njia ya setilaiti, na bei yake ni kubwa mno. Tena simu yaweza kupokea habari yenyewe, mwenyewe akiwa amelala, na gharama ikaendelea. Basi abiria aifunge mitambo ya simu yake mara meli inapong'oa nanga, na kuwapigia jamaa zake akiwa nchi kavu.

CHUMBA NA MAWIMBI

Swali liulizwalo kuliko mengine yote ni hili: Je, nitataabika na mawimbi? Ugonjwa wa bahari hutokea kwa sababu sikio la ndani, ambalo ndilo lenye kutambua mwendo na usawa wa mwili, linasema kwamba mwili unayumba, huku macho yakitazama ukuta wa chumba na kusema kwamba mwili umetulia. Habari hizi mbili zikigongana, moyo huchafuka na mtu hutapika. Si alama ya udhaifu. Hata mabaharia wa miaka mingi humpata baadhi yao.

Meli kubwa za siku hizi zina mabawa ya chuma yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza kuyumba, na mara nyingi abiria hasikii chochote. Hata hivyo, atakayechagua chumba na achague kilicho katikati ya meli, karibu na maji, maana omo na tezi hupanda na kushuka zaidi, na ghorofa za juu huyumba zaidi. Tena achague majira. Pwani ya Marseille ina upepo wa nguvu uitwao mistral, uvumao hasa wakati wa baridi na mwanzo wa masika ya Ulaya. Ajisikiaye vibaya atoke nje penye hewa, atazame mstari wa mbali ambapo bahari na mbingu hukutana, ale kidogo kidogo, wala asikae na njaa. Tangawizi huwasaidia wengine. Dawa za kuzuia kutapika zipo, nazo hufaa zaidi zikimezwa kabla ya mawimbi. Lakini mtu atumiaye dawa nyingine, kama mke wa mwalimu, amwulize daktari wake kwanza.

Pasi na birika za umeme zisichukuliwe. Wenye meli huziondoa mizigoni, kwa sababu moto baharini ni adui mkubwa kuliko wimbi. Mwezi wa Novemba mwaka 1994 meli ya matembezi Achille Lauro ilishika moto mbele ya pwani ya Somalia, na baada ya siku chache ilizama.

Kuhusu afya, daktari na wauguzi wamo melini, lakini hawatibu bure, na bei yao si ndogo. Mgonjwa mahututi huteremshwa katika bandari ya karibu, na pengine huchukuliwa kwa helikopta. Hapo ndipo bima inapojulikana thamani yake. Ugonjwa usumbuao sana katika meli ni ule wa kutapika na kuhara uletwao na virusi viitwavyo norovirus, ambavyo huenea upesi mahali watu wengi wanapogusa vitasa na vijiko vile vile. Dawa za kupaka mikononi zenye spiriti haziviui vizuri. Kinachofaa ni kunawa kwa sabuni na maji yatiririkayo kabla ya kula. Dunia nzima iliona mwezi wa Februari 2020 jinsi maradhi yanavyoweza kuenea melini, pale meli Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama katika Japani ikiwa na watu 3,711, na 712 kati yao wakaonekana kuwa na ugonjwa wa korona.

SAA YA MELI

Asubuhi moja meli inafika Civitavecchia. Mji wa Roma uko yapata kilomita 70 kutoka hapo. Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini aliwafundisha watoto historia ya Warumi, anataka kwenda kwa garimoshi la kawaida, kwa kuwa matembezi yauzwayo na wenye meli ni ghali zaidi. Mkewe anamwuliza, "Mwalimu, tumekuja kutembea au kukimbizana na magarimoshi?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake ni la hesabu. Anayekwenda Roma kwa basi la wenye meli hulipa zaidi, lakini basi hilo likichelewa njiani, kwa kawaida meli huwangoja waliomo, au wenye meli huwafikisha wenyewe bandari ya mbele. Anayekwenda kwa garimoshi hulipa kidogo, lakini kuchelewa ni kwake mwenyewe. Mgomo wa reli, gari lililokosewa, mtu aliyepotea njia: hakuna hata moja la hayo litakalomzuia nahodha kung'oa nanga. Aliyeachwa hujilipia nauli ya kuifuata meli mpaka Palermo, na ikiwa paspoti yake imebaki melini, shida yake ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu abiria yampasa aulize, kabla ya kushuka, kama achukue paspoti yake au nakala, na aandike namba ya simu ya wakala wa meli katika bandari ile, ambayo kwa kawaida huandikwa katika karatasi ya habari za siku.

Asomapo saa ya kurudi, aangalie mambo matatu. Kwanza, saa iandikwayo ni mwisho wa abiria kuwamo melini, nayo huwa nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka. Pili, saa za melini huandikwa kwa hesabu ya kizungu. Ikiandikwa 17.00, maana yake ni saa kumi na moja jioni kwa hesabu yetu. Tatu, saa ya meli na saa ya mji zaweza kutofautiana. Wakati wa kiangazi saa za Tunis ziko nyuma ya saa za Italia kwa saa moja. Meli ikishika saa yake ya Italia, na simu ya mwalimu ikajigeuza yenyewe kufuata saa ya Tunis, basi mwalimu atakapoona saa kumi kamili, melini ni saa kumi na moja, na ngazi inapandishwa. Saa ya mkono ya kawaida, isiyojigeuza, iliyosawazishwa na saa ya meli, yamfaa mtu kuliko simu ya thamani kubwa.

ZOEZI LA HATARI

Siku ya kwanza, kabla ya meli kuondoka, abiria wote huitwa kwenye zoezi. Wengi hulichukia. Wamechoka na safari, wana njaa, na maneno wanaona ni yale yale. Lakini katika yote yaliyokwisha kutajwa, hili ndilo lisiloweza kununuliwa wala kulipwa baadaye.

Meli Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake zilitosha watu 1,178 tu. Zaidi ya watu 1,500 walikufa. Hata hivyo mashua ya kwanza kuteremshwa haikujaa hata nusu, kwani abiria wengi hawakuamini kwamba meli kubwa vile yaweza kuzama. Kwa ajili ya msiba huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 1914 juu ya usalama wa watu baharini, na mapatano hayo yametengenezwa upya mara kadha. Siku hizi ni sharti vyombo vya kujiokolea vitoshe watu wote waliomo, na ziada.

Lakini mashua bila watu kujua njia ya kuziendea ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Jioni ya tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, bandari ile ile ya mfano wetu, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda hapo siku hiyo hiyo, nao walikuwa hawajafanya zoezi lolote, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu lifanywe katika muda wa saa 24. Saa chache baadaye meli ilipita karibu mno na kisiwa cha Giglio ikapasuliwa na mwamba. Taa zilizimika. Abiria waliambiwa kwamba ni hitilafu ya umeme, na wengine wakaambiwa warudi vyumbani. Amri ya kuiacha meli ilitolewa baada ya zaidi ya saa moja, wakati ambapo meli ilikuwa imekwisha kulala upande, na mashua nyingine hazikuweza tena kuteremshwa. Watu 32 walikufa. Nahodha alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 16. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria imebadilishwa: zoezi ni lazima lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Upande wetu wa dunia pia una funzo lake, na funzo hilo ni jema. Mwezi wa Agosti mwaka 1991 meli ya matembezi Oceanos ilikuwa njiani kutoka East London kwenda Durban katika Afrika ya Kusini, bahari ikiwa imechafuka vibaya. Maji yaliingia, mitambo ikasimama, na baadhi ya wakubwa wa meli wakatangulia kuondoka. Waliobaki kuwapanga abiria walikuwa wapiga muziki na watumbuizaji. Waliwaita watu, wakawatuliza, wakaomba msaada kwa redio, na helikopta zikawanyanyua waliobaki mmoja mmoja. Meli ilizama tarehe 4 Agosti. Watu wote 571 waliokoka. Hapo inaonekana kwamba utulivu na utaratibu vinaweza kuokoa watu hata pale wenye mamlaka wanapokosa.

Mambo ya kujua katika zoezi si mengi. Kila abiria ana kituo chake cha kukusanyika, na namba au herufi ya kituo hicho huandikwa katika kadi yake. Ishara ya hatari ni honi fupi saba au zaidi zikifuatwa na moja ndefu. Aisikiapo, abiria huvaa nguo za joto na viatu, huchukua dawa zake, na koti la kujiokolea ikiwa limo chumbani, kisha huenda kituoni kwa ngazi. Lifti hazitumiwi. Haendi kumtafuta mwenzake mji mzima. Mume na mke, hata wakitenganishwa na makundi ya watu, watakutana kituoni, maana kituo chao ni kimoja. Katika meli nyingi siku hizi abiria hutazama mafundisho kwa picha akiwa chumbani, kisha huenda kituoni kujionyesha tu. Mwalimu na mkewe wasiridhike na hapo. Na watoke chumbani mwao, waitembee njia kwa miguu, wahesabu milango mpaka ngazini, na warudi. Siku taa zitakapozimika, miguu itakuwa imekwisha kuijua njia.

SIKU YA MWISHO

Usiku wa mwisho abiria huweka masanduku yao nje ya mlango ili yachukuliwe. Wasisahau kubakiza nguo za kesho, karatasi na dawa. Wako waliofunga vyote wakashuka asubuhi na nguo za kulalia. Hesabu ya mwisho huletwa chumbani alfajiri. Aliyekuwa akiiuliza katikati ya safari huisoma bila kushtuka.

Basi, mtu wa kwetu aweza kusafiri kwa meli ya matembezi, awe mjini au shambani, mzee au kijana. Atamwona baharini pomboo, ataiona miji aliyoisoma vitabuni, naye atapikiwa na kutandikiwa kama mgeni wa heshima. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mwalimu aliyetazama tarehe ya paspoti yake, akahesabu bakshishi, akaisawazisha saa yake na ya meli, na kuitembea njia ya kituo chake pamoja na mkewe, huyo aweza kukaa juu ya sitaha jioni, akanywa chai yake kwa raha, na kuitazama nchi ikififia nyuma ya tezi.